Upinde Mrefu Kuliko Kilemba Changu

Baba Keza, mume wangu,

Salamu zitafuata nikishapoa. Kwa sasa nina hasira na wewe, na kumkasirikia marehemu ni kazi ngumu, maana hajitetei, wala hatoki nje kwa kisingizio cha kwenda kutazama kama mvua inakuja. Nimekaa kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba, mikono imejaa rangi, nautazama upinde wako ukining'inia kwenye kamba kati ya mparachichi na ukuta wa jirani. Unakauka. Kila nikiandika mistari miwili nanyanyuka kwenda kuugusa, na kila nikiugusa naacha alama ya kidole, na Keza ananifokea. Mtoto wako amerithi mdomo wangu, hilo usinilaumu.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyogombania. Kinyarwanda tulikiweka kwa wazazi, kwa padri na kwa mambo ya heshima. Lakini siku ulipokuwa umekosea, au siku ulipotaka kunibembeleza, ulirudi kwenye Kiswahili cha Karagwe tulikozaliwa wote wawili, na mimi nilijua mara moja kwamba kuna jambo.

Basi leo kuna jambo. Na barua hii naiacha wazi, asomaye asome, maana siri zako zimenichosha.

Keza anaolewa Jumamosi, kule juu Nyundo. Wakwe wamekuja, wamesema yao, tumewajibu, mambo yamekwenda vizuri. Kwetu sisi aliomba kitu kimoja tu: akitoka kanisani apande gari lako, ashike usukani mwenyewe, bwana harusi akae pembeni, washuke hivyo mpaka ziwani kwenye sherehe. Nilikataa. Kisha nikakubali. Kesho yake nikakataa tena. Unanijua. Gari lilikuwa chini ya turubai tangu tulipokuzika, na mimi nilikuwa nikipita kando yake kwenda kuanika nguo bila kulitazama, kama mtu anayempita jirani waliyenuniana.

Keza akalifunua. Akalifuta, akalizunguka, akapiga picha. Kisha akaja jikoni na uso wa mtu mwenye ombi la pili.

"Mama, gari iko muzuri," alisema. "Ila ile arso iko kama goli ya mupira. Tuitoe."

Niwaeleze wasomaji wengine, wewe subiri. Gari lenyewe ni la kuiga. Mume wangu alilitengeneza kwa kutazama picha ya gari la mashindano la kizamani aliyoikata gazetini: viti viwili, pua ndefu, halina paa, katika mji ambao mvua inaingia bila kupiga hodi. Chini ni shasi na injini ya pikapu iliyochoka. Juu ni bodi ya faiba aliyoiunda mwenyewe, kwa ufundi alioupata akiziba matundu ya mashua za watalii ziwani. Na nyuma ya viti ulisimama upinde wa bomba nene la chuma, ambao mafundi wa huku wanauita arso, ili gari likipinduka upinde upokee mzigo na vichwa vya watu vipone.

Upinde ule uliwekwa kwa ajili yangu. Unakumbuka? Ulikuwa umemaliza gari, umelipaka bluu, mtaa wetu mzima wa Mbugangari umekuja kulitazama, na mimi peke yangu nikasema sipandi. Nilikuambia kwamba zile kona za Nyundo nazijua, na malori ya viazi nayajua, na kwamba lori likitugusa kidogo tu tutageuka chini juu, na paa litakuwa vichwa vyetu. Ulikula ugali wako wote. Ulipomaliza kunawa ukaniuliza, "Nikikuwekea chuma juu ya kichwa, utapanda?"

Nikakujibu, "Chuma kikishikwa na chuma, nitapanda."

Maneno hayo nimeyarudia sana wiki hii.

Bomba lilitoka Goma. Fostini, rafiki yako mchomeleaji, alilipata kwa watu wake, likavushwa mpakani, pale Petite Barrière, begani kwa mbebaji mmoja mwembamba, na nilikuwepo. Kila alipogeuka kumsalimia mtu, foleni nzima nyuma yake iliinama, akina mama na mabeseni yao ya nyanya, halafu ikainuka, halafu ikainama tena. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukaja kunikasirisha nyumbani, kwa sababu bomba halipindwi likiwa tupu, litabonyea. Lazima lishindiliwe mchanga. Na mchanga lazima uwe mkavu kabisa, ukiwa na maji bomba litapasuka likipata moto. Hayo yote ulinieleza baadaye. Mimi nilichokiona ni sufuria yangu kubwa, ile ya kukaangia sambaza, dagaa wa ziwa letu, ikiwa mekoni imejaa mchanga wa ziwani, na wewe unaukoroga kwa mwiko kama bibi harusi aliyetembelewa na mama mkwe.

Sambaza zilikuwa na mchanga mwezi mzima. Ulikuwa unatafuna polepole na kusema zimekolea chumvi vizuri.

Kabla ya kupinda mlitaka vipimo. Uliniletea kigoda uani, ukasema, "Vaa kama unavyovaa Jumapili." Nikavaa. Nikakunja kilemba changu cha kitenge, kile kirefu, ambacho mama yako alisema kinawazibia watu altare. Ukanikalisha, ukaweka kamba kutoka ardhini mpaka juu ya kilemba, ukaongeza upana wa kiganja, ukaikata. Fostini alikuwa anatazama pembeni kama mtu aliyeingia chumba cha watu. Mimi nilijisikia malkia. Nakwambia ukweli, sijawahi kupewa zawadi iliyonigusa kama ile kamba.

Na Jumapili iliyofuata nilipanda. Upinde ulikuwa mweusi unang'aa, umepita kilemba changu kwa kiganja kimoja, na ulinionyesha vichwa vya boliti kwenye sakafu, vinene, ukavigonga kwa kidole. "Chuma kwa chuma," ulisema. Nikakaa. Tukapanda Nyundo kwenye misa, tukashuka. Tulishuka polepole mno. Baiskeli iliyobeba karoti ilitupita, mwenyewe akatupungia mkono kwa huruma. Tukaenda hivyo kila Jumapili, miaka yote ile. Nilikuwa nakutania kwamba umeunda gari la mashindano ili ushindane na konokono. Zile kamera za kunasa mwendo kasi ambazo watu wamezibatiza Sofia zilinasa nusu ya mji, wewe hata siku moja. Nilidhani ni uzee umekuwahi. Na nilipokuuliza ni nini kinachokwaruza kwi-kwi nyuma ya mgongo wangu kila tukikata kona, ulijibu kwamba ni viti.

Ngoja nikautazame.

Bado. Upande wa chini unashika vidole. Tatizo ni vumbi hili letu jeusi la volkano, likipeperuka kidogo linatua kwenye rangi mbichi na kukaa hapo daima. Nimemwaga maji uani ili litulie. Keza amesema nikiugusa tena ataniwekea mlinzi.

Nirudi kwenye ombi lake. Nilimwambia kuutoa kwa muda sawa, tuukwangue, tuupake rangi upya, tuurudishe. Kuutoa moja kwa moja hapana. Tukampigia Fostini. Akasema kesho. Kesho akasema ana homa. Siku iliyofuata kuna msiba. Baada ya msiba, mashine yake ya kuchomelea imekufa. Fostini yule ambaye ukimwita kwa ajili ya bawaba ya mlango anafika kabla hujaweka simu chini. Nilianza kuwashwa. Usiku nikawa nageuka kitandani, na harusi inakaribia, na gari liko vilevile. Asubuhi nikamwambia Keza lete spana, kwani sisi hatuna mikono?

Tukatoa viti. Tukainua zulia, likatoka na harufu ya mvua za zamani. Boliti zilikuwa zimeshika kutu, tukazimwagia mafuta, tukazisubiri. Mimi nikashika spana juu, Keza akajilaza kwenye gunia chini ya gari ashike nati zisizunguke. Nikasikia amenyamaza. Mtoto huyu akinyamaza kuna jambo, katika hilo amekurithi wewe.

"Mama," akasema kutoka kule chini, "huku hamuna chuma. Iko mbao."

Nilimwambia atazame vizuri. Akasema ametazama. Nikajilaza mwenyewe juu ya kokoto, na gauni langu, na umri wangu. Boliti zilikuwa zimepita kwenye faiba, ile faiba nyembamba ya mashua, zikapita kwenye kipande cha mbao, basi. Shasi ilikuwa chini zaidi, mbali na mbao, imetulia zake, haina habari na upinde. Na zile mbao mbili, Baba Keza, moja kila upande, nilizijua kabla hata sijazigusa. Zilikuwa chaga za kitanda chetu. Zile ulizoniambia zimevunjika, zikaacha pengo katikati, tukawa tunalala ndani ya shimo, kila mmoja anamtelezea mwenzake mpaka asubuhi.

Sikulia. Niliondoa boliti zote. Keza akashika upande mmoja, mimi upande mwingine, tukaunyanyua, ukatoka kirahisi mno. Tulipoulaza ukatema mchanga kwenye mguu mmoja, mkavu, wa rangi ya chai ya maziwa, ukafanya kilima kidogo juu ya udongo wetu mweusi. Nikaingia ndani, nikajifungia chumbani. Nikatoka. Nikaingia tena. Nilikuwa nahesabu Jumapili, na kona, na malori. Miaka yote hiyo nimekaa chini ya kitu kilichoshikwa na kitanda changu mwenyewe, nimetulia, nakutania.

Nilikwenda kwa Fostini na viatu vya nyumbani. Aliponiona tu alizima mashine yake, ambayo haikuwa imekufa.

"Bon, shemeji," alisema. "Umeitoa."

Nikamwambia nimeitoa, na sasa aseme. Akavua miwani yake myeusi, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Ile bomba ilikosa kufika," alisema. "Alipandisha arso ju ya kitambala yako ya ku kichwa, ile ya misa ya dimanche. Bomba ikaishia kule juu. Miguu ikabaki mifupi, haifike ku shasi. Mi nilimuambia, patro, hii ni mubaya, tutafute ingine. Akasema we umekubali kupanda ile dimanche, kama anakuambia ungoje utabadilisha roho. Donc tukaikamata ku mbao, ya muda tu."

"Ya muda," nikasema.

"Ya muda. Nilimukumbusha mara mingi. Anajibu, 'Wewe usimuambie. Mimi nitakuwa naendesha polepole.'"

Nilirudi kwa miguu, nikipita kila mtu bila kumsalimia, na unajua hapa Mbugangari hilo ni kosa. Nilikuwa nakusemesha kwa sauti. Nilikuambia umenidanganya. Nilikuambia ungeweza kuniua, ungeweza kumwacha Keza bila mama. Halafu nikafika kwenye kona ya duka la unga nikakumbuka mikono yako kwenye usukani, vile ulivyokuwa unaikaza tukianza kushuka, vile jasho lilivyokutoka shingoni hata siku za baridi, na vile ulivyokuwa huongei kabisa mpaka tufike tambarare. Nilidhani humpendi padri. Ulikuwa unafanya kazi. Kila Jumapili ulikuwa unafanya peke yako kazi ya kile chuma, na mimi pembeni nacheka konokono.

Sijui nifanye nini na jambo hilo. Likija upande mmoja nataka kukupiga, likija upande mwingine nataka uwepo nikufute jasho.

Keza, kwa upande wake, alikuwa na jibu rahisi: kama upinde haujawahi kumsaidia mtu, usirudi. Alisema picha zitapendeza. Tukagombana kwa lugha zote. Nilimwambia hatashuka kona za Nyundo kichwa wazi, kwanza yeye si baba yake, anaendesha kama amechelewa ndege. Akasema basi Fostini atafute bomba jingine Goma. Fostini akasema ataangalia, lakini kabla ya Jumamosi haahidi. Harusi ikawa inakuja na sisi hatuna upinde, tuna shimo kwenye sakafu na maneno.

Nilikuwa nazunguka uani, sikai. Upinde tulikuwa tumeuegemeza ukutani, umesimama, na mwishowe nikavuta kigoda nikaketi chini yake. Ulinipita mbali. Ulinipita kwa urefu wa kilemba na kiganja, maana siku hiyo nilikuwa na kitambaa kidogo tu cha kazi. Nikaweka mkono juu ya kichwa changu, nikatazama nafasi iliyobaki. Kisha nikaenda garini, nikapima kwa fimbo ya ufagio kutoka sakafuni mpaka shasi. Nikarudi. Nikapima tena, kwa sababu sikuamini.

Ilikuwa ileile. Ukiushusha upinde kwa kimo cha kilemba changu, miguu inapita kwenye faiba na kufika kwenye shasi. Hakuna bomba la kutafuta. Bomba lilikuwa linatosha tangu siku ile.

Fostini alipokuja alipima mwenyewe, akakaa juu ya tairi, akasema "yewe" kwa mshangao. Kisha akafanya kazi bila hata kuomba chai. Akatoboa sakafu, akachomelea sahani za chuma kwenye shasi, akaujaribisha upinde, ukasimama. Akautoa tena ili tuupake rangi. Mimi na Keza tukaukwangua kwa msasa mpaka weusi wako wote ukatoka, tukapaka ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na leo tumepaka ya juu. Keza alitaka nyeupe ya maua yake. Nimempa nyeupe. Nikitaka weusi ninao wa kutosha kwenye nguo zangu kabatini.

Mchanga wako nimeuzoa nikauweka kwenye sufuria. Nyingine, usiogope.

Ungeniambia tu nivue kilemba, Baba Keza. Neno moja. Labda ningekataa, nakiri, siku zile nilikuwa na kiburi cha kitambaa. Lakini ungesema.

*

Nimeiacha barua hii siku mbili, naimalizia leo. Upinde umekauka ukiwa na vidole vyangu viwili kwenye mguu wa kushoto, Keza amekataa kuvifuta. Fostini ameufunga. Aliushika kwa mikono miwili, akautikisa kwa nguvu zake zote, na likatikisika gari zima, magurudumu na vyote, na jirani akatoka kutazama. Chuma kwa chuma.

Asubuhi hii nilimwambia Keza kabla hajamkalisha mtoto wa watu pembeni yake, nitakaa mimi. Nikavaa kama Jumapili, kwa mazoea. Nilipoketi kilemba kikagota kwenye bomba. Keza alinitazama kwa jicho la pembeni, akasubiri. Nikakivua, nikakikunja, nikakiweka mapajani. Nywele zangu zimekuwa nyeupe mbele, wewe hukuwahi kuziona hivi.

Tulipanda vizuri. Tulipogeuza pale kanisani na kuanza kushuka, akakanyaga mafuta kama nilivyojua atakanyaga. Upepo ukanijaa masikioni. Nilisikiliza nyuma ya mgongo wangu. Hakuna kwi-kwi. Kimya kabisa. Nilipaswa kutulia, hicho ndicho nilichokitaka tangu mwanzo, lakini nilishika kile kilemba mapajani kwa vidole vyote. Sikumwambia kitu. Nilijiapiza nisimwambie kitu.

Kwenye kona ile ya mikaratusi, ambapo wewe ulikuwa unaacha kuongea, akapunguza mwenyewe. Akanitazama mikono.

"Papa alikuwa anaenda hivi?" akauliza.

Nikamwambia, polepole kuliko hivi.

Akapunguza tena. Baiskeli ya magunia ya karoti ikaja nyuma yetu inapiga kengele, Keza akasogea pembeni akaiachia njia, na yule kijana akatupita akitucheka. Tukashuka hivyo mpaka tambarare, hakuna aliyeongea. Alipozima injini nilimwona anafuta viganja vyake kwenye sketi.

Jumamosi watashuka wenyewe. Mimi nitakuwa nyuma, kwenye gari lenye paa, kilemba changu kichwani, kile kirefu. Nimekusamehe kuanzia kanisani mpaka kona ya mikaratusi. Kona zilizobaki nitakusamehe nikishuka, moja moja, usiniharakishe.

Sasa pokea salamu.

Mkeo, uliyempima pamoja na kilemba chake,

Mama Keza